Barua Ishirini na Tatu za Mzee Oili

Nyie mnaoniandikia "sasa miaka yote hiyo alishindwa nini kwenda kuchukua karatasi?" mmenichosha. Kweli kabisa mmenichosha. Wiki mbili zilizopita niliweka mistari mitano tu hapa, kwamba fundi wetu wa cherehani kakamatwa na watu wa uhamiaji, mkanijazia komenti kama mahakimu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee wa watu analala juu ya nini. Haya, leo naandika kirefu. Ukiona kirefu sana, funga, kaangalie video za watu wanaoteleza.

Nitaanza na binti yake, maana yeye ndiye anayekimbia huku na huku. Ana miaka ishirini na tisa na anashona kola. Simaanishi anashona nguo, namaanisha kola tupu. Karakana yao inatoa mashati ya sare za shule, na kila mtu ana kipande chake: huyu anakata, huyu mikono, yule vifungo, yeye kola. Kola mia na ishirini kwa siku, za saizi tatu. Ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Kola. Hata akitembea barabarani shingo imeinama, utadhani kadondosha hela.

Baba yake ndiye Mzee Oili. Jina hilo kajipatia kwa mdomo wake. Ukimwita kwamba mashine imekufa, anakuja na mfuko wake wa turubai, anakaa kwenye kigoda, anazungusha gurudumu mara moja, anatega sikio. Kisha anakwambia, "Haijafa hii, ina kiu. Tia oili." Mara saba kati ya kumi ni kweli, matone mawili tu na mashine inaimba. Mara tatu zilizobaki ndiyo anafungua, na hapo usimsemeshe. Miaka thelathini na sita anatengeneza cherehani hapa kwetu. Suruali uliyovaa kwenye harusi yako, kama ilishonwa hapa, ilipita chini ya sindano aliyoinyoosha yeye.

Sasa hizo karatasi. Alikuja na miaka kumi na tisa, kaletwa na kiwanda cha nguo kutoka upande wa pili wa mpaka, yeye na vijana wengine, wahudumie mashine. Kiwanda ndicho kilichokuwa kinashughulika na vibali. Kila baada ya miaka miwili karani wa kiwanda anakusanya picha ndogo, anaondoka na bahasha, anarudi na vibali vimegongwa muhuri. Oili hajawahi kuona mlango wa ofisi ile. Siku moja kiwanda kikafungwa. Wakafika asubuhi wakakuta mnyororo getini na karani hayupo, mafaili hayapo. Oili akaenda uhamiaji mwenyewe, mara tatu. Mara zote tatu akaambiwa alete barua ya mwajiri. Mwajiri gani? Yule mnyororo? Baadaye mkewe akaanza kuumwa, akaumwa miaka minne, akafa. Huyo mke alikuwa mtu wa hapa, lakini ndoa yao ilikuwa ya kujulikana na watu, ofisini haikufika. Kola naye aliandikishwa shule na mjomba wake kwa jina la ukoo wa mama. Haya, nimekujibu. Tuendelee.

Alikamatwa Jumanne, saa nne asubuhi, mtaa wa mafundi. Maofisa walikuwa wanapita duka hadi duka wakiuliza vitambulisho. Wenzake walisema nimesahau nyumbani, kipo kwenye suruali nyingine, na wakaachwa. Oili akafungua mfuko, akatoa kibali chake cha kiwandani kilichofungwa kwenye nailoni mbili, akakikunjua kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Kiliisha muda wake miaka kumi na saba iliyopita. Wakamwambia apande gari. Akaomba kwanza amalizie mashine ya watu, wakakataa, akapanda.

Kola alipigiwa simu akiwa katikati ya kola. Akaimalizia ile aliyoishika, akainua mguu unaobana kitambaa, akakata uzi. Wenzake walimshangaa. Lakini baba yake kamlea hivyo: usiondoke ukaacha sindano imezama kwenye nguo. Alipofika nje ndipo akakaa kwenye ngazi.

Mahabusu ya uhamiaji iko nje ya mji, jengo refu la rangi ya maziwa yaliyoganda, madirisha juu kabisa karibu na paa. Unapanga foleni ukutani, unaandika jina lako kwenye daftari, unaacha simu kwenye sanduku la mbao. Dakika kumi na tano. Mnaongea kupitia wavu, wote kwa pamoja, kwa hiyo kila mtu anapiga kelele na hakuna anayesikia. Feni ya chumba kile inalia kama paka aliyebanwa mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

"Mimi ndiye nakuuliza wewe."

"Mimi nakula. Wanatupa. Isikilize hiyo feni, tangu jana inanikera. Nimewaambia tone moja tu la oili, wakanicheka."

"Baba, achana na feni. Wamekwambia nini?"

"Wananirudisha kwetu. Nimewauliza kwetu wapi. Mama yangu alikufa mwaka uliozaliwa wewe. Ile nyumba hata sijui kama ipo. Nikishushwa pale kwenye stendi nitamuuliza nani njia?"

Ofisa wa mafaili ana miwani, si mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu najua mngependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Alimkalisha Kola, akamweleza taratibu. Kuna bodi inakaa Jumatatu. Inaweza kumwachia mtu kwa dhamana ya wakazi, arudi nyumbani huku kibali kikishughulikiwa upya, akionyesha kwamba kaishi hapa muda mrefu na watu wanamjua kwa wema. Zinahitajika barua za wakazi zisizopungua kumi, faili linafungwa Ijumaa saa sita mchana.

"Kumi tu?" Kola akauliza.

"Kumi tu, dada. Watu wengi hawafikishi tano."

Kola akacheka. Ndiyo, alicheka, mle ndani. Mzee Oili akose watu kumi?

Mimi nina kompyuta na printa kwenye duka la kuchapa, linaloshikana ukuta na karakana yao, kwa hiyo yote haya nimeyaona kwa macho. Jumatano na Alhamisi watu walikuja kama wanagawiwa kitu. Anayejua kuandika aliandika, asiyejua alisema mimi nikachapa. Nimezisoma zote. Mama wa mapazia, yule mwenye duka kubwa pale kona, alileta kurasa mbili kwa mkono wake mwenyewe. "Mwaka ule mume wangu alipoondoka na kila kitu, Mzee Oili alinitengenezea mashine na kuniambia nitamlipa nikisimama. Nimesimama. Huyu ni ndugu yangu kabisa." Mwenye karakana akaandika kwamba hajawahi kuona mtu mwaminifu hivi. Mshona magauni mmoja akataka niandike kwamba Mzee Oili ndiye aliyempa mtoto wake jina. Muuza uzi na vifungo akasema, "Andika hivi: mkimrudisha Oili, njooni na nyie mjifunze kurekebisha mashine, maana sisi tutatembea uchi." Nikaandika. Tukacheka mpaka machozi.

Barua ishirini na tatu. Kola alizisoma moja moja amekaa kwenye benchi langu, akilia kile kilio kizuri. Akazipanga, akazifunga kwa utepe wa kupimia, Ijumaa saa tatu akaondoka.

Ofisa akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akaruka mpaka ya sita. Akavua miwani.

"Dada, Oili ni nani?"

"Ni baba yangu, afande."

"Humu ndani sina mtu anaitwa Oili. Angalia faili." Akaligeuza. Jina refu, majina matatu, yameandikwa kwa wino uliofifia. "Nina huyu. Barua zako zote ishirini na tatu zinamsifu mtu ambaye mimi sijamkamata."

"Lakini ni huyu huyu! Mtaa mzima unamjua."

"Mtaa wote haumo kwenye bodi. Bodi ikisoma Oili itauliza Oili nani, na mimi sina jibu. Zirudieni. Jina kamili kama lilivyo kwenye faili, na kila anayeandika aweke namba ya kitambulisho chake. Zilete Jumatatu saa mbili kabla hawajakaa. Hilo naweza kukufanyia."

Kola aliniambia, "Nimezisoma zote. Nimezisoma mara mbili na sikuona." Na mimi nilizichapa kumi na moja kwa vidole hivi na sikuona pia. Tungeona nini? Kwetu lile ndilo jina. Mimi mwenyewe, nimekulia mlango wa tatu kutoka kwake, na jina lake kamili nililisoma mara ya kwanza siku ile, kwenye kikaratasi alichonakili Kola. Nililisoma polepole. Ni jina la kwingine, hata ulitamke vipi, linaonyesha kwao si hapa.

Nikamwambia Kola, hakuna tatizo. Naweka jina jipya, nachapa upya, watu wanasaini, ndani ya saa mbili tumemaliza. Nilikuwa mjinga.

Jumamosi asubuhi tulianza na mama wa mapazia, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika kurasa mbili. Alikuwa juu ya ngazi anatundika pazia la mteja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Vipi, katoka?"

"Bado mama. Ni barua, tumekosea jina. Tumeshaichapa upya, maneno ni yale yale yako. Utie sahihi hapa, na namba ya kitambulisho hapa."

Akashuka, akavaa miwani, akaanza kusoma huku anatabasamu. Nikaona tabasamu linavyoondoka. Halikukatika ghafla, lilimwagika kidogo kidogo.

"Huyu nani?"

"Ndiye baba."

"Oili?"

"Ndiyo mama."

"Kwani Oili si mtu wa hapa?"

Nikajibu mimi, kwa ukali, ndivyo nilivyo. "Mama, watu wa uhamiaji ulidhani wamemkamata kwa nini, kwa kuiba embe?"

"Wewe usinipandishie sauti, nimekuzidi umri mara mbili. Mimi nilidhani wamekosea! Kila mtu alisema wamekosea. Nikajua ni mtu wetu kaonewa." Akaitazama tena ile karatasi, akaishika kwa ncha za vidole. "Na namba ya kitambulisho changu ya nini?"

"Ni utaratibu tu mama," Kola akasema.

"Utaratibu. Leo naweka namba, kesho wanakuja kuniuliza nilimficha mgeni miaka mingapi. Mwanangu, mimi nina duka. Nina watoto. Oili namjua, Oili nitamlilia mpaka kesho. Huyu wa jina refu..." Akarudisha karatasi. "Huyu mimi simjui."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe miaka thelathini na sita, akalima, tukavuna. Siku ya kuulizwa hili shamba nani kalima, mtu anasema simjui.

Siwezi kuwaandikia milango yote. Mshona magauni alituma mtoto aseme hayupo, na tunamwona miguu chini ya pazia. Mwenye karakana hakutukana, alituomba tumwelewe: akisaini, watakuja kukagua wafanyakazi wake wote, na si wote wana karatasi safi. Hilo nililielewa, na nikachukia kwamba nalielewa. Wengine walisema tuache hapo, watasoma kwanza. Mpaka leo wanasoma.

Muuza uzi alisaini kabla hatujamaliza kueleza. "Leteni. Mume wangu mwenyewe jina lake kamili nililijua msibani." Mwenye nyumba anayopanga Oili akasaini. Mkunga mstaafu aliyemzalisha Kola akasaini, akaomba aongeze mstari, akaongeza mistari mitano.

Wa nne sikumtegemea. Mpiga pasi wa karakana hajaongea na Oili miaka tisa, tangu Oili alipodondosha oili kwenye mashati thelathini meupe yaliyokwisha kupigwa pasi. Tulitaka kumpita kimya kimya. Akatuita mwenyewe, pasi mkononi.

"Mnakusanya nini nyie?"

Kola akamwambia. Akachukua karatasi, akasoma jina, akatikisa kichwa.

"Hapa mmekosea herufi. Jina la katikati linaishia na u."

"Umejuaje?" nikauliza.

"Nilimshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Unadhani ningemshtaki kwa jina la Oili? Nilimfuata mpaka nyumbani kwake nikamwambia nipe majina yako yote matatu, mzee, nataka kukushtaki. Akaniandikia mwenyewe. Hata kalamu ilikuwa yake." Akaweka pasi pembeni, akaandika namba ya kitambulisho chake bila kutazama kitambulisho. "Bado nimemkasirikia. Mwambieni hivyo. Mashati thelathini!"

Basi. Mtu pekee mtaani aliyelijua jina lake ni adui yake.

Jumapili tulirudia milango yote. Jumatatu saa mbili kasorobo Kola alikabidhi barua nne.

Bodi ni watu watatu kwenye meza ndefu. Hawakukaa naye hata dakika kumi. Wa katikati, mama wa makamo, aliuliza, "Miaka thelathini na sita, na umepata watu wanne?" Hakuuliza kwa kejeli. Kola anasema ingekuwa kejeli angeweza kujibu. Wakanong'onezana. Wakasema hawakatai, ila hawawezi kumwachia mtu kwa barua nne. Wanaahirisha siku ishirini na moja. Zikifika kumi, watamsikiliza. Zisipofika, atasafirishwa na gari la mwisho wa mwezi.

Siku hiyo hiyo akaenda dirishani kwenye wavu. Mzee kapungua, shati limekuwa kubwa shingoni, na Kola ni mtu wa kola, aliona kabla ya kitu kingine chochote. Vidole viwili vinaingia pale palipokuwa pamebana.

"Enhe, wamesema nini?"

"Wameahirisha baba. Wiki tatu. Ni mambo ya utaratibu."

"Na barua? Walizisoma?"

"Walizisoma."

"Zilikuwa ngapi?"

Akasema, "Nyingi baba."

Mzee akachangamka. Akasogea mpaka pua ikagusa wavu. "Nilijua. Nimewaambia hawa ninaolala nao, mimi kule nina watu. Mama wa mapazia kaandika?"

"Kaandika."

"Lazima aandike yule. Yule ni ndugu. Na mshona magauni?"

"Naye."

"Na bosi wako?"

"Naye baba."

"Mpiga pasi je?" Akacheka mwenyewe. "Aa, huyo usinijibu. Huyo najua hawezi."

"Kaandika baba. Anasema bado kakukasirikia."

Hapo mzee akafuta macho kwa mkono wa shati. Katika majina manne aliyouliza, hilo ndilo pekee lililokuwa kweli, na ndilo aliloshindwa kuliamini. Kengele ikapigwa. Akapiga kelele juu ya kelele za wengine, "Wasalimie wote! Mmoja mmoja! Waambie nikitoka nitapita kila mlango nishukuru!"

Kola alirudi karakana, akashona kola mpaka jioni. Kesho yake pia. Haombi mtu tena. Ameniambia hawezi kusimama mlango ule ule mara ya tatu, na simlaumu. Usiku wa kuamkia juzi, anasema, aliota baba yake anapita mlango kwa mlango kushukuru, na kila mlango unafungwa. Ndiyo maana naomba mimi, ambaye sina aibu.

Leo siku kumi na mbili zimebaki. Barua bado nne. Nahitaji sita.

Wewe unayesoma hapa, kama umewahi kushonewa nguo mtaa wa mafundi, kama mashine ya mama yako iliwahi kufufuliwa na mzee mwenye mfuko wa turubai, njoo kwenye duka la kuchapa, mlango wa kijani, linaloshikana ukuta na karakana ya sare. Nafungua saa mbili asubuhi. Njoo na kitambulisho. Jina lake nimelibandika ukutani, majina yote matatu, la katikati linaishia na u. Usiandike Oili. Andika lile refu, weka namba yako chini yake, tia sahihi. Mshona magauni, najua unasoma, huwa unanipa alama ya moyo. Mama wa mapazia, nakuomba na wewe, samahani kwa ile sauti. Yule mzee anajua tayari mmeandika. Njooni muandike.